Mbao za Jikoni Kwangu

Mume wangu Kastori ni fundi seremala, na nikisema fundi sisemi hawa wa kupiga misumari na kuondoka. Kwa miaka arobaini na mitatu amekuwa na karakana mjini, mtaa wa Pasua, banda la mabati lenye benchi moja la kazi, na kila asubuhi ameshuka kutoka kwetu Uru na chupa yake ya chai mkononi. Mabenchi ya parokia yetu ni kazi yake. Vitanda vya nusu ya kijiji ni vyake. Lakini mwulize ametengeneza nini maishani, hatakutajia benchi wala kitanda. Atakwambia ana watoto watatu wanaojua kushika randa.

Alianza kuwafundisha kabla hawajajua kufunga vifungo vya shati. Jumapili baada ya misa ya pili, watoto wa wenzetu walipokwenda kucheza mpira, wangu walikuwa nyuma ya nyumba wamekaa juu ya maranda, takataka nyepesi za mbao iliyopigwa randa. Primus ndiye mkubwa, Violet anamfuata, Fredy kitindamimba. Nyundo hawakupewa. Kwanza walitakiwa kuijua mbao yenyewe: kupitisha kidole na kuona nyuzi zinaelekea wapi, halafu kuigonga kwa kifundo cha kidole huku wametega sikio. Mbao mbichi inaguna, aliwaambia, mbao kavu inaitika. Aliwapangia vipande sita sita chini, na mtoto aliyetambua vyote alipewa ndizi mbivu. Fredy alipofika miaka sita alikuwa hakosei, mpaka kaka yake akawa anamfinya kwa hasira.

Kastori ni mtu mkali. Amewafukuza wateja waliomwambia aharakishe, amegombana na mafundi wenzake wote wa Pasua, na kwangu mimi ndiyo usiseme. Lakini mtoto akimharibia ubao alicheka. Mwiko wa kwanza wa Violet ulitoboka katikati, na mimi niliamriwa nisongee ugali kwa mwiko huo mwezi mzima ili mtoto asivunjike moyo. Nilisonga. Niliwatazama wanne hao wameinamia benchi moja, vichwa vimegusana, na nilifurahi. Niseme na lingine ambalo sikulisema wakati ule: nilikuwa naona wivu. Mimi nilikuwa mtu wa kuitwa chai inapohitajika.

Mwaka 2002 ule mti mkubwa wa mringaringa wa kihamba chetu, shamba letu la ukoo, ulianza kuinamia nyumba baada ya mvua za masika. Baba mkwe wangu, Mzee Sylvanus, aliupanda mwaka aliozaliwa Kastori, ukakua ukiitilia kahawa kivuli. Tuliomba kibali, wapasua mbao wakaja, mmoja juu ya gogo na mwingine shimoni, wakavuta msumeno siku nne. Zikatoka mbao tano pana, kila moja imempita Kastori kimo. Mzee Sylvanus alikuwa bado hai. Aliketi kwenye kigoda akazitazama, kisha akasema maneno ambayo mume wangu aliyashika kama amri ya Mungu: mti huu usiuzwe, na usifanyiwe kazi na mtu mmoja.

Kastori akaamua itakuwa meza. Meza moja kubwa ya nyumba hii, ataitengeneza na watoto wake watatu, mikono yote minane juu yake, na siku moja itabaki na Fredy, kwa kuwa kwa desturi yetu mtoto wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya baba. Mbao akazipandisha darini katika jiko langu la kuni, juu kabisa ya mafiga, zikaushwe na moshi na bungua, wadudu wa kutoboa mbao, wasiziguse. Zilikuwa zikae huko miaka mitatu.

Zilikaa ishirini na moja.

Kila mwaka kulikuwa na mtoto asiyekuwepo. Primus alikwenda shule ya bweni, Violet akaenda chuo cha uuguzi, kisha akapangiwa kazi Mwanza. Primus akahamia Dar kwenye kazi ya kutoa mizigo bandarini. Krismasi wakija wawili, wa tatu ana zamu. Mimi nilimwambia, Baba Primus, anza na hao waliopo, huyo mwingine atapiga msasa akija. Alinitazama kama niliyemwambia aibe sadaka. Hapo ndipo kosa lake lilipo, na nitalisema mpaka niingie kaburini: alitaka wote au hataki kabisa.

Wakati huo wote nani alikuwa anazikausha hizo mbao? Mimi. Kila mwanamke wa rika langu pale Uru alishapata jiko la gesi. Mimi nilikatazwa, kwa sababu moshi ukikoma bungua wataingia. Nimepika mtori wa ndizi, nimechemsha maji ya kuoga, nimekoka moto hata siku ambazo hakuna cha kupika, macho yananiwasha mpaka nikifika kanisani watu wanadhani nimefiwa. Daktari aliniambia niache moshi. Nilipomweleza Kastori, aliinua macho darini, akasema, "Vumilia, mwaka huu watakuja wote."

Mwaka 2023 wakaja wote.

Primus alikuwa anabatizisha binti yake parokiani kwetu tarehe ishirini na sita Desemba. Violet alipata likizo. Fredy, ambaye siku hizi anafanya kazi ya kompyuta Dodoma, alikuja na jiko la gesi la mafiga manne kwenye boksi, zawadi yangu. Nililia. Kastori alilizunguka lile boksi, akasema tulivumilie kidogo, lisifunguliwe mpaka mbao zishuke. Watoto hawakuelewa anasema nini. Kwao, mbao za babu zilikuwa karakana Pasua, mahali mbao zinapokaa. Wakubwa walikuwa shuleni siku zilipopandishwa darini, Fredy alikuwa na miaka sita, na sasa zilikuwa nyeusi kwa masizi, huwezi kuzitofautisha na boriti za paa.

"Nipeni siku moja tu," Kastori aliwaambia tulipokuwa tunakula. "Siku moja, tuunge ile meza."

"Baba, usijali, tutapanga," Primus akasema.

Wakapanga. Tarehe ishirini na mbili walikwenda mjini kununua vinywaji. Tarehe ishirini na tatu walikwenda kumsalimia shangazi yao. Asubuhi ya ishirini na nne Kastori alivaa koti akaenda Bomang'ombe kwa rafiki yake Ebenezeri, seremala mwenzake, kuazima vyuma vya kubania mbao na kununua gundi. Alikuwa na haraka kama kijana anayekwenda kuposa. Pale barazani alimwambia Primus, "Jiko msiliguse leo. Nikirudi tunashusha mbao." Primus alikuwa kwenye simu. Aliitikia kwa kichwa.

Saa sita wakaja watu wa turubai la sherehe. Wakapima uwanja, wakasema hautoshi, na magari ya wageni yataegeshwa wapi? Primus akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaliona jiko langu.

"Mama, hili si ulisema siku nyingi libomolewe?"

Nilikuwa nimelisema, kweli. Nilikuwa nimelisema kwa miaka. "Libomoeni," nikamwambia.

Lilianguka ndani ya saa moja. Mimi nilikuwa bombani naosha ndizi, nimewapa mgongo. Nyuma yangu nilisikia vijana wa turubai wanacheka, mabati yanavutwa, halafu Fredy anagonga ubao. Aligonga mara mbili, akanyamaza kusikiliza, vilevile alivyofundishwa. Akagonga mwingine.

"Mama, hizi nyeusi zimekauka balaa! Zitatoa moto mzuri wa kuchomea mbuzi. Tuchukue?"

Nataka mnielewe vizuri hapa, kwa sababu nimejaribu kujidanganya na nimeshindwa. Nilikuwa na sauti ya zile mbao masikioni. Hakuna boriti ya paa inayoitika namna ile. Nilijua ni zipi. Ningegeuka tu, ningesema hizo ni za baba yako, weka pembeni. Lakini nilikumbuka boksi la gesi limekaa sebuleni bila kufunguliwa, nikakumbuka macho yangu, nikakumbuka miaka ishirini na moja ya kuambiwa vumilia. Sikugeuka.

"Chomeni yote yaliyotoka mle," nikasema.

Kastori alirudi saa kumi na moja jioni na vile vyuma begani. Aliingia uani akasimama. Alitazama pale jiko lilipokuwa, kisha akatazama moto. Mbao nne zilikuwa zimeshakwisha. Ya tano ilikuwa imeingizwa motoni kwa ncha, nusu ndani na nusu nje, na mbuzi anageuzwa juu yake. Nilitamani apige kelele. Nilitamani anipige mimi hata kofi, ambalo hajawahi kunipiga. Aliweka vyuma chini polepole.

"Nani amechagua kuni?" akauliza.

"Mimi, baba," Fredy akajibu, amefurahi, jasho linamtoka. "Si ulitufundisha kugonga? Nimegonga zote, nikachukua zilizoitika."

Kastori alimsogelea. Kisha akamwekea mkono begani.

"Umechagua vizuri," akamwambia.

Akanawa mikono, akaketi na wageni wa mkesha wa Krismasi, akala nyama. Siku ya ubatizo alicheza na mjukuu. Primus alipomwuliza habari za meza, alisema muda umekuwa mdogo, watafanya wakati mwingine. Walipoondoka alibeba kile kipande cha mbao ya tano kilichobaki, akakipeleka Pasua, na mpaka leo sijui alikifanyia nini. Mimi hakuniuliza kitu. Jiko la gesi alilifunga mwenyewe, akajaribu kila figa, akaenda zake.

Ningeweza kuishi na hayo. Watu huishi na mabaya kuliko hayo. Lakini Pasaka Fredy alipiga simu. Kastori aliiweka simu wazi ili nami nisikie.

"Baba, nimeongea na dada na kaka. Tumeona tulikukosea mwaka jana, tulikufanya usubiri. Mwaka huu sote tumeomba likizo ya wiki nzima. Tunakuja kuunga ile meza. Mbao za babu bado zipo?"

Nilimtazama mume wangu. Katika miaka yote ya ndoa yetu sijamsikia akisema uongo, hata kwa mteja, hata kwa mtu wa ushuru.

"Zipo," akasema.

Alipokata simu nikamwambia, Baba Primus, tumwambie tu mtoto ukweli. Akasema, "Ukimwambia, hatashika randa tena maisha yake yote." Hayo ndiyo tuliyozungumza, basi. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kutafuta mringaringa. Alikwenda Marangu, alikwenda Rombo, mwishowe akapata mbao tano karibu na Holili kwa mtu aliyekuwa ameangusha mti wake mwaka uleule. Zilikuwa nzuri, lakini zilikuwa mbichi. Mwezi wa sita huo, na watoto wanakuja mwezi wa kumi na mbili.

Sikuombwa. Niliwasha moto mwenyewe. Kule nyuma ya migomba tulijenga kichanja, tukazilaza mbao juu yake na kuzifunika mabati, nami nikakoka kuni na maranda chini yake kila asubuhi kwa miezi mitano, na jioni nikakoka tena. Nilikuwa na gesi ndani ya nyumba na moshi nje, na nilikaa kwenye moshi. Majirani waliniuliza nakausha nini, nikawaambia ni mambo ya fundi. Kastori alikuwa anapita, anageuza mbao moja, anaigonga, anatikisa kichwa, anaondoka. Hatukusemezana pale kichanjani hata siku moja.

Desemba wakaja, wote watatu, na aproni mpya walizonunua Dar. Kastori alizipanga zile mbao nyeusi uani. Mimi nilikuwa mlangoni, macho kwenye mikono ya Fredy, kwa sababu nilijua akizigonga tu, mchezo umekwisha. Yeye hakosei.

Fredy hakuzigonga. Alipitisha kiganja juu ya ile ya kwanza, akasema, "Kumbe ndizo hizi," akachukua randa. Kwa nini azigonge? Baba yake amemwambia ni za babu, ziko kavu. Nilimwona Kastori akigeuka kunoa patasi ambayo alikuwa ameinoa asubuhi.

Waliifanya kwa siku nne. Nitakuwa mwongo nikisema hazikuwa siku za raha. Violet alikata ndimi za kuungia miguu ya meza bila kupima mara mbili, Primus akapigwa marufuku kugusa msumeno, wakacheka mpaka wakakaa chini. Walinidai chai nikawapelekea chai. Kastori alikuwa anawaonyesha, anawashika mikono, anawafokea kwa upendo, na kuna saa nilizoona kabisa kwamba amesahau. Uso ulikuwa umemnyooka. Halafu Fredy alimaliza kupiga msasa, akamwaga mafuta, rangi ya ile mbao ikatoka kahawia yenye joto, akasema kwa sauti ya chini, "Yaani babu alipanda huu kwa mkono wake." Uso wa mume wangu ukarudi ulivyokuwa.

Walipiga picha, wakatuma kwa ndugu wote. Siku ya Krismasi tulikula kwenye meza hiyo watu kumi na mmoja. Kastori alisema anasikia joto, akala amekaa mlangoni, sahani magotini.

Mwezi wa kwanza, walipokwisha kuondoka, nilikwenda kwenye mpaka wa kihamba nikakata jani la isale. Kwetu sisi, mtu aliyekosa akikuletea isale lililofungwa fundo hukatai, hata kama amekuulia ndugu. Nililifunga fundo, nikalishika kwa mikono miwili, nikamfuata alipokuwa ameketi barazani. Nilipiga magoti. Magoti yangu hayapigiki siku hizi, lakini niliyapiga.

Nikamwambia yote. Kwamba Fredy aliuliza. Kwamba nilisikia, na nilijua ni mbao zipi, na nilisema zichomwe. Sikumtajia gesi wala macho, maana kuomba msamaha na kudai haki siku moja haviendi pamoja.

Aliliangalia lile jani mpaka nikadhani ataniacha nalo mkononi. Akalipokea.

"Nimekusamehe," akasema. "Sina ruhusa ya kukataa."

"Nimpigie Fredy nimwambie?"

"Umwambie nini, Mama Primus? Kwamba alichoma mti wa babu yake kwa mkono wake, au kwamba ni mama yake aliyemruhusu?"

Niliinuka kwa kushika nguzo ya baraza.

"Mimi nimedanganya mara moja, na imenitosha," akasema. "Kuanzia leo akiuliza habari za mbao zile, utamjibu wewe."

Na ameshika neno lake. Mwezi wa pili meza ilipasuka katikati, ufa wa kuingia kidole, kwa sababu miezi mitano ya moshi haikaushi mringaringa. Kastori hajaugusa. Nimeufunika kwa kitambaa cha kufuma. Fredy hupiga simu kila Jumapili, na akishamsalimia baba yake huuliza meza inaendeleaje, maana amewasimulia wenzake wote ofisini na sasa anataka kumfundisha mwanawe atakayezaliwa. Baba yake hamjibu. Hunipa simu.

"Mama, haijapasuka?"

"Hapana, mwanangu," namwambia. "Mbao za babu yako hazipasuki."